Upepo ukishaezua nyumba yako Dodoma, usikimbilie kununua bati kwanza

Kitu cha kwanza watu wengi wanachofanya paa likishaondoka ni kupiga simu dukani kuulizia bei ya bati. Naelewa kabisa, watoto wapo nje, godoro limelowa, wingu lingine linajikusanya upande wa Hombolo na hujui usiku mtalala wapi. Mi kazi yangu ni kupaua, nipo hapa Dodoma, na kila mwaka mvua za kwanza zikianza kama Novemba au Desemba hivi ndo simu zinaanza kuingia, leo Nkuhungu kesho Nzuguni, mara Mkonze, mara Chamwino huko, na ninachokiona ni kwamba nyumba nyingi zinarudishiwa paa lilelile kwa ufungaji uleule, afu msimu mwingine upepo ukija zinaondoka tena. Bati halikuondoka lenyewe ndugu zangu, kuna sehemu iliachia, na ukiijua hiyo sehemu ndo utajua hela yako iende wapi, mara nyingi sio kwenye bati.

Ila kwanza tuanze na siku yenyewe.

SIKU ILEILE

Kama upepo umepita usiku na mpo salama mahali, hata kwa jirani, subirini kupambazuke ndo muanze kuingia ndani kutafuta vitu. Gizani huoni waya, huoni msumari, huoni ukuta ulioinama.

Umeme ndo wa kwanza. Zima meni swichi kama unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu, kama haifikiki achana nayo, wapigie TANESCO wakate kwenye nguzo. Waya wa nguzo ukiwa umeanguka chini usiusogelee kabisa na usimruhusu mtu aurushe pembeni na mti, na kama umelalia bati jua lile bati lote lina umeme pamoja na bati zingine zinazogusana nalo, hata zile zilizoangukia uani kwa jirani. Mtungi wa gesi funga kichwani. Kama kuna mtu amebanwa na kifusi piga 114 Zimamoto na Uokoaji huku majirani wanatoa tofali moja moja kutoka juu, msivute mbao iliyoko chini maana inawezekana ndo inayoshikilia vingine.

Halafu angalia ule ukuta wa pembetatu wa pembeni, ule wa juu uliokuwa unafuata mteremko wa paa. Huo ndo unaoniogopesha kuliko kitu chochote kwenye nyumba iliyoezuliwa. Paa ndo lilikuwa linaushika kwa juu, sasa hivi umesimama peke yake, mara nyingi tofali za kuchoma na udongo au simenti kidogo, upepo wa kawaida tu wa jioni unaweza kuudondosha ndani chumbani. Msilale chini yake, msipange vyombo chini yake, na kama umeinama au umepasuka usawa wa mtambaapanya, ile mbao inayolala juu ya ukuta kubeba paa, mwite fundi aushushe kutoka juu kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja mmoja wa tofali, asiusukume.

Vaa kiatu kigumu, sio ndala. Misumari ya bati inabaki imesimama kwenye mbao zilizoanguka na watoto wanapita peku. Ukichomwa nenda zahanati ukapate kinga ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo, usisubiri kivimbe.

Kabla hujahamisha kitu piga picha. Piga nyumba nzima kutoka pembe zote nne, afu ingia karibu, piga mbao zilivyokatika, piga misumari ilivyong'oka, piga vitu vya ndani vilivyolowa. Picha hizi zina kazi mbili, moja ni ya taarifa na nyingine ni ya fundi, nitaieleza mbele. Kwenye taarifa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mapema, yeye na mtendaji ndo wanaandikisha waliopata madhara na kupeleka kata mpaka wilayani. Kamati za maafa zipo kisheria kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka, kwa hiyo sio hisani unaiomba pale, unaandikisha kitu kinachotakiwa kuandikishwa. Omba na barua ya mtaa inayothibitisha nyumba iliezuliwa. Itakusaidia shuleni, kazini, kwenye kikoba, benki kama una mkopo, na kwenye bima kama unayo. Wenye bima someni vizuri, kuna bima ya nyumba inayolipa moto tu na kuna iliyoongezewa upepo na mafuriko, na karibu zote zinataka utoe taarifa haraka na usianze kujenga kabla hawajaja kuona. Kufunika na turubai sio kujenga, hiyo fanya.

VITU VYA NDANI, HASA CHAKULA

Vyeti, hati ya kiwanja, kadi ya NIDA, vitambulisho vya kliniki, vitoe kwanza. Karatasi ikilowa usiianike juani inakunjamana na wino unakwenda, iweke kivulini katikati ya magazeti makavu, badilisha gazeti kila likilowa. Zilizopotea kabisa chukua ripoti ya upotevu polisi, afu ndo uende RITA kwa cheti cha kuzaliwa au kwingine kulingana na karatasi yenyewe.

Sasa chakula. Huku kwetu watu wanaweka gunia za mahindi, mtama, uwele na karanga ndani ya nyumba, paa likiondoka zinanyeshewa. Naomba hapa mnisikilize vizuri japo mi ni fundi tu. Nafaka iliyolowa ikikaa kwenye gunia inaota ukungu na ukungu ule unaleta sumukuvu, na sumukuvu sio hadithi kwetu, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Jua likitoka tu mwaga kwenye turubai safi, sio kwenye udongo, tandaza nyembamba, geuza geuza mpaka punje ikikatwa na jino inapasuka kwa sauti. Ambayo imeshaota ukungu, imebadilika rangi au inanuka, usile, usisage ukachanganye na nzima, na usiwape kuku, maana kuchemsha na kusonga ugali hakuiondoi ile sumu. Inauma kumwaga gunia la mahindi baada ya kupoteza paa, najua, lakini mwaga.

TURUBAI

Turubai la muda watu wanaliweka halafu wanalikandamiza na mawe na tofali. Usifanye hivyo, upepo mdogo ukilinyanyua lile jiwe linamdondokea mtu aliyelala. Chukua vipande vya mbao, pindisha ukingo wa turubai uzungushe kwenye kipande mara mbili, afu gongelea kile kipande kwenye mbao ya paa iliyobaki au kifunge kwa waya chini ya dirisha. Liwe na mteremko, katikati pakiwa bonde maji yanajaa na uzito wake unavunja kilichobaki. Na usifunike nyumba nzima kama huna turubai la kutosha, chagua chumba kimoja chenye kuta nzima, kifunike vizuri, mkae humo. Kama kuta ni za tofali mbichi, funika na vichwa vya kuta zingine hata kwa nailoni, maana tofali mbichi likinyonya maji kutoka juu linalainika na nyumba ambayo ingepona inaanguka wiki ijayo.

SASA SOMA ULICHOFANYIWA NA UPEPO

Hapa ndo penye kazi yenyewe, na ndo maana nimesema usinunue bati kwanza.

Marekani ambako tonado, zile dhoruba za upepo unaozunguka, zinawapiga kila mwaka, wataalamu kwa kawaida hawaipimi kasi yake kwa chombo, wanaenda baadae wanaangalia nyumba imevunjikaje ndo wanakadiria kasi ilikuwa ngapi. Kipimo hicho alikianzisha Tetsuya Fujita mwaka 1971, kikaja kuboreshwa na kuanza kutumika upya 2007, ngazi yake ya chini kabisa inaanzia kilomita 105 kwa saa na hapo tayari paa linaanza kuchunwa. Upepo wetu wa Dodoma mara nyingi sio tonado, ni ule unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi, unapiga chini afu unatawanyika kwa kasi, na vile vile kuna vile visulisuli vya kiangazi vinavyonyanyua vumbi, ila mabaki yake yanasomeka kwa namna ileile.

Elewa kwanza paa linaondokaje. Watu wanadhani upepo unasukuma. Unasukuma ndio, lakini zaidi unavuta juu. Ukipita juu ya paa kwa kasi unalinyonya kwenda juu, na kama umeingia ndani kupitia dirisha au mlango unalisukuma kutoka chini, vyote viwili kwa pamoja. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuvuta kama kilo 45 hivi kwa kila mita moja ya mraba, na kwenye kingo na pembe inazidi hapo. Bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba) mita moja ya mraba haifiki kilo 3, jumlisha na mbao zake bado upo mbali sana na 45. Kwa hiyo uzito wa paa haukusaidii, kinachokusaidia ni kufungwa tu. Na kufungwa kuna sehemu tatu, bati kwenye papi (zile mbao za kulala zinazopigiliwa bati), papi kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi kwenye ukuta. Upepo unatafuta ile dhaifu.

Nenda pale paa lilipoangukia uangalie. Kama bati zimetoka zenyewe na papi zimebaki juu ya nyumba, sehemu ya kwanza ndo iliachia. Kama bati zimeondoka na papi zake zimegandana nazo, ni ya pili. Kama paa zima limeondoka na kenchi zake likaenda kulala shambani kama lilivyo, au limeondoka na kozi mbili tatu za tofali, ni ya tatu, na hiyo ndo ninayoikuta sana huku.

Shika papi moja mkononi uangalie msumari. Ukikuta msumari umechomoka umenyooka, unang'aa mwilini, na tundu kwenye mbao ni safi halijachanika, maana yake ulitoka kirahisi, haukuwa umeshikwa. Hii Dodoma ipo sana na sababu yake ni mbao mbichi. Mbao nyingi zinakuja kutoka Mafinga na Njombe, zinapakiwa zikiwa bado na maji, zinafika huku kwenye jua letu na ukame wetu, zinapauliwa wiki hiyohiyo, zikikauka zinasinyaa na tundu la msumari linalegea. Ukiwa chini huoni kitu, paa linaonekana zima kabisa. Ukikuta msumari umepinda au mbao imechanika kufuata msumari, huo ulipambana, hapo tatizo ni uchache wa misumari au ulipigwa ukingoni sana mwa mbao. Na ukikuta kichwa cha msumari kimebaki kwenye papi ila bati limetoboka likapita juu yake, bati ni jembamba au msumari hauna kofia pana na mpira.

Hizo picha ulizopiga asubuhi muoneshe fundi. Fundi anayekuja kukupa bei bila kuuliza paa liliachia wapi, mi kwangu huyo hapana.

KUFUNGA UPYA, TUNAANZIA CHINI

Kenchi na ukuta. Nyumba nyingi za mtaani mtambaapanya umewekwa tu juu ya kozi ya mwisho, umeshikwa na waya wa kufungia uliozungushwa kwenye kozi moja au mbili. Fanya hesabu hii ndogo. Nyumba ya upana wa mita 8, kila upande wa ukuta unabeba nusu, mita 4, kwa hiyo kila mita moja ya urefu wa ukuta ina mita 4 za mraba za paa, mara kilo 45, ni kilo 180 zinazovutwa juu. Kozi mbili za tofali hazina uzito huo, ndo maana zinaondoka na paa. Ukuta wa inchi 6 ukishuka nao futi 3 kwenda chini unapata zaidi ya kilo 200 kwa kila mita, hapo sasa ukuta ndo unakuwa mzito kuliko mvuto wa upepo.

Kwa hiyo kama nyumba ina lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya madirisha, funga kwenye lenta, toboa tofali chini kidogo ya lenta pitisha waya mnene au nondo ya milimita 6 izunguke lenta nzima ipande mpaka juu ya kenchi, ikunjwe na kugongelewa. Kama haina lenta, toboa ukuta futi 3 chini, pitisha waya, upande wa nje weka kipande cha nondo kimelala ili waya usikate tofali, halafu upandishe waya kwa ndani na kwa nje ufunge kenchi. Kila kenchi, sio moja moja kwa kuruka. Waya usiwe mmoja mwembamba, sokota minne pamoja. Kwenye pembe za nyumba weka mara mbili. Matundu ziba kwa simenti na mchanga. Kazi hii inachukua siku nzima kwa nyumba ya vyumba vitatu na vifaa vyake ni bei ndogo sana ukilinganisha na bati, na ndo hiyo watu wanairuka.

Mama mmoja Nkuhungu aliniambia, "Fundi, mambo ya waya achana nayo mwanangu, we nirudishie bati zangu watoto walale." Nikamwambia mama, leo nakuwekea turubai na watoto watalala, ila kesho naomba nianze na ukuta. Alikubali kwa shingo upande, ila alikubali.

Kama kozi za juu zimeondoka na una uwezo, hapo ndo nafasi ya kumwaga lenta ya juu kabla ya kupaua. Nondo 4 za milimita 12, au 10 kwa nyumba ndogo, ringi za milimita 6 kila sentimita 20, zege moja mbili nne, na kabla hujamwaga simamisha vipande vya nondo vitakavyofunga mtambaapanya. Mwagilia maji siku 7 asubuhi na jioni, jua la Dodoma linakausha zege kabla halijakomaa. Usimruhusu fundi apaue kesho yake eti mvua inakuja.

Papi na kenchi. Msumari mmoja ulionyooka hautoshi, piga miwili ya inchi 4 kwa kukingamanisha, mmoja ukiinamia huku mwingine kule, na zungusha waya kwenye kila makutano ya pembezoni. Papi zilizoachana mita moja nzima ni mbali, kwenye kingo za chini, kileleni na pembeni sogeza ziwe kama sentimita 60 hivi, katikati unaweza kuachia 75 mpaka 90. Mbao nunua iliyotiwa dawa, na ukiweza inunue mapema uipange kivulini ikiwa na nafasi katikati ikauke wiki kadhaa.

Bati. Kwa nyumba ya kuishi mi nashauri geji 28, ila kama mfuko unasema 30 basi 30 iliyofungwa vizuri inaishinda 28 iliyoegeshwa. Geji 32 iache kwa banda. Msumari uwe na kofia pana na mpira, upige kwenye mgongo sio kwenye bonde, na ukitokeza chini ya papi uukunje. Bati za msauzi, zile za migongo mikubwa, kwenye kingo zote piga kila mgongo, katikati unaweza kuruka mmoja. Bati za migongo midogo, kingoni ruka mmoja, katikati ruka miwili. Kingo namaanisha mstari wa chini, pande za pembeni na pale kileleni kwenye kofia ya paa, kwa sababu hapo ndo upepo unapoanzia kuchuna, ukishapata ukingo mmoja umenyanyuka vilivyobaki ni dakika tu. Halafu kulaliana kwa bati, upepo wetu wa kawaida unatoka mashariki na kusini mashariki, anza kuezeka kutoka upande wa magharibi uje nao mashariki ili ukingo wa bati lililolala juu ya jingine usiutazame upepo.

Bati kuukuu. Usizitupe zote na usizirudishe zote. Lililokunjika kwa kukatisha migongo limeshapoteza nguvu hata ukiligonga likanyooka, hilo peleka jikoni au kwenye choo cha nje. Lililo zima lakini lina matundu yaliyochanika, usipige msumari kwenye tundu lilelile, likate ukingo au lisogeze matundu yaangukie sehemu nyingine, na ya zamani ziba. Mbao kuukuu ng'oa misumari yote, gonga kwa nyundo usikilize, ikilia mlio wa bubu au ukaona unga unadondoka ni mchwa, na mchwa wa huku mnaujua. Choma moto hiyo.

Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni la zile shiti za asbesto, simama hapo. Usivunje, usikate na msumeno, usifagie vumbi lake, watoto wakae mbali. Lowesha maji, funika, na mtafute afisa mazingira au NEMC, baraza la mazingira la taifa, wakuelekeze pa kupeleka. Vumbi lake ukilivuta linakaa kwenye mapafu, madhara yake yanakuja baada ya miaka mingi.

MAMBO YA RAMANI YA PAA

Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe, fupi, paa bapa lililobebeshwa udongo mzito, hakuna sehemu ya upepo kuingiza mkono. Sisemi turudi kwenye tembe, ila ukiangalia Bahi na Mvumi zilizobaki unaona walijua wanaishi nchi ya upepo. Sisi tumeleta paa jepesi, tukalitokeza nje mita nzima ili lipendeze, bila kulifunga. Paa likitokeza nje, libaki sentimita 45 mpaka 60. Varanda lipaulie peke yake, mbao zake zisiwe muendelezo wa paa kubwa, ili upepo ukilichukua liende lenyewe. Kama kuta zote zinaanza upya kule juu na una nafasi ya kubadilisha, paa la kuangukia pande nne linavumilia kuliko la pande mbili, na hauna tena ule ukuta wa pembetatu. Haya mapaa ya kuficha bati nyuma ya ukuta yaliyoenea Kisasa, Ilazo na Iyumbu, mteremko wake ni mdogo sana na yanavutwa vibaya, ukiwa nalo hakikisha bati limefungwa kwa skrubu na ule ukuta wa juu una nguzo za zege ndani, sio tofali tupu.

Na madirisha. Watu wengi tunahamia nyumba haijaisha, dirisha limezibwa na kiroba au kipande cha siling bodi. Kiroba kikipasuka upepo wote unaingia ndani na kunyanyua paa kutoka chini. Kama huna hela ya aluminiamu mwaka huu, weka mbao au bati lililofungwa kwa komeo upande wa upepo kwanza, mashariki na kusini.

HELA NA MAFUNDI

Kama hela haitoshi nyumba nzima, usipaue nyumba nzima kwa unyonge. Paua vyumba viwili kwa kufunga kila kitu kama nilivyoeleza, vingine funika vichwa vya kuta vikungoje. Mikopo ya kausha damu na ile ya kwenye simu wakati huu inazunguka sana kwa sababu wanajua una shida, bora kikoba, bora ndugu, bora hata uuze mbuzi. Nunua vifaa mwenyewe, hesabu bati, pima unene dukani, na fundi umlipe kwa hatua, hatua ya kwanza ikiwa ni kufunga ukuta na kenchi, na kabla bati halijapanda panda ngazi wewe mwenyewe au mtume kijana wako ashike kila waya kwa mkono. Bati likishapanda huoni tena, siling bodi ikija ndo kabisa.

Siling bodi na jipsam iache mwisho kabisa. Iliyolowa ikabonyea ishushe sasa hivi kwa mti ukiwa umesimama pembeni, usisubiri idondoke. Plasta ya ukuta nayo isubiri ukuta ukauke, ukiwahi inabanduka yote. Kabla ya kuwasha umeme mlete fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime nyaya, maji yanaingia kwenye mabomba ya nyaya kutokea juu na yanakaa humo muda mrefu hata kama ukuta umeonekana mkavu. Tenki la maji la juu usiliache tupu, likiwa na maji haliondoki. Muarobaini ulioegemea nyumba punguza matawi ya upande wa paa, usiukate wote maana nao unavunja upepo.

Ukishapaua, mwezi wa Oktoba mwakani kabla Mamlaka ya Hali ya Hewa haijaanza kutoa tahadhari zake, mrudishe fundi juu ya paa na nyundo. Mbao itakuwa imekauka na kusinyaa, waya utakuwa umelegea, misumari mingine itakuwa imejitokeza kichwa. Waya uliolegea usokotwe tena kwa koleo mpaka ukaze. Msumari uliojitokeza usigongelewe tu ukarudi kwenye tundu lilelile, ung'olewe, pale iingie skrubu ndefu na nene kuliko huo msumari, yenye mpira, na kwenye papi ambayo misumari mitatu minne imejitokeza kwa pamoja iongezwe waya hadi kwenye kenchi.